Binti Anataka Kwenda Bukoba kwa Pikipiki

Mwezi wa Mei, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja tunayemheshimu sana, mwanakwaya wa siku nyingi, alitungoja chini ya mwembe akiwa na mkewe. Alitusalimu, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua na za mahindi, tukajua kuwa lipo jambo. Ndipo akalitoa. Binti yao wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 26, amenunua pikipiki ya cc 125 kwa akiba yake mwenyewe. Likizo ya Juni anataka kuipanda kutoka hapa Songea mpaka Bukoba, na kurudi. Peke yake.

"Kuna nini Bukoba?" tuliuliza.

"Hakuna kitu, Daktari! Hatuna ndugu huko. Ingekuwa msiba ningemwelewa. Ingekuwa harusi ningemwelewa. Yeye anasema anapenda tu."

Kisha akatoa ombi lake. "Ninyi ni watu wa hospitali, na yeye anawasikiliza. Mwambieni pikipiki inaharibu kizazi."

Tulikataa, na mzee alikasirika. Tumeona afadhali tulieleze jambo hili hapa mbele ya wote, kwa sababu si yeye peke yake aliyetuomba tuwe fimbo ya kuwatishia vijana.

Kwanza tuseme wazi. Kupanda pikipiki hakuharibu kizazi cha mwanamke. Kizazi kimekaa ndani ya nyonga, kimeshikwa na mishipa na misuli, wala hakianguki kwa mtikisiko wa barabara. Kwa mama mjamzito tungesema mengine, kwa kuwa kuanguka kunaweza kumdhuru yeye na mtoto. Lakini binti huyu si mjamzito. Tungemdanganya leo, kesho angekuja zahanati na uvimbe wa kweli au kidonda cha kweli, asituamini. Mzazi naye akisema uongo wa namna hiyo hupoteza kitu kilekile.

Kuna na huu wa nimonia. Vijana wa bodaboda hufunga ngozi au boksi kifuani wakisema upepo utawapa nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, si na upepo. Hata hivyo hatuwaambii wavue, maana baridi ina hatari yake nyingine ambayo watu hawaitaji. Ukipita Njombe asubuhi ya Juni bila koti la maana, vidole hufa ganzi, ukashindwa kubana breki kwa wakati, na akili nayo hupoa, ukaona gari linakuja na usiamue upesi. Gazeti moja lililokunjwa chini ya jaketi huzuia upepo vizuri kuliko sweta mbili. Hilo tumelijaribu wenyewe.

Ndiyo, wenyewe. Wasomaji wengi hawajui kwamba sisi wawili, mume na mke tunaoandika ukurasa huu, tulikuwa wapanda pikipiki kabla ya kuwa wazee wa kutoa ushauri. Tulipokuwa vijana kazini tulinunua pikipiki kuukuu, na kila likizo tukaenda mahali ambapo hatukuwa na shughuli. Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda kuliona Ziwa Nyasa, kupitia Mbinga mpaka Mbamba Bay. Tulipakia kwenye keria godoro dogo, jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili, nusu debe la maharage, redio, viatu vya akiba, na begi la nguo utafikiri tunahamia. Mzigo ulipanda juu kuliko kichwa cha aliyekaa nyuma.

Kwenye mteremko wa kushukia ziwani tulijifunza jambo ambalo fundi yeyote angetueleza bure. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, hulinyanyua gurudumu la mbele kama mtoto mnene anavyomrusha mwenzake kwenye bembea ya ubao. Gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani hautii. Ulianza kucheza, tukashika breki, tukaenda chini. Mmoja wetu alivunjika mtulinga. Hatutasema nani, maana mpaka leo tunabishana kosa lilikuwa la nani. Mafuta ya taa yaliloweka maharage yote na godoro. Mama mmoja wa Kimatengo aliyekuwa anatoka shambani alitoa khanga yake, akaufunga mkono kwa ustadi ambao tungetamani wauguzi wetu wote wawe nao, na khanga hakutaka irudishwe.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa barabara ileile na mfuko mmoja. Tulifika siku hiyohiyo, tena tukaona mengi zaidi, kwa sababu mwenye mzigo mkubwa hutazama mzigo wake tu: kama kamba imelegea, kama kuna mtu anausogelea sokoni, kama mvua itaulowesha.

Kwa hiyo tuliomba tumwone binti mwenyewe. Alikuja jioni na orodha yake kwenye daftari la shule, vitu 43. Pasi ya umeme ilikuwamo. Tulimpa kipimo tunachokiamini: mfuko na vyote vilivyomo visizidi uzito wa ndoo ndogo ya lita 10 iliyojaa maji, vifungwe chini na karibu na kiti, kitu kizito kikae mbele. Mgongoni asibebe chochote, maana mfuko wa mgongoni huchosha mabega na akianguka nao huweza kuumiza uti wa mgongo. Nguo aliyovaa, nguo ya kubadili, koti la mvua. Spana, plagi moja, viraka, pampu, tyubu ya akiba. Khanga mbili, ambazo ni shuka, taulo, pazia la kuogea, na ikibidi, bendeji. Pedi za mwezi mzima, kwa sababu ndizo msichana husahau kuziandika na njiani huzitafuta kwa aibu. Chandarua chepesi, kwani anatoka nyanda za baridi kwenda mikoa ya ziwa ambako malaria ni nyingi, na akipata homa apime kwanza ndipo anywe dawa ya mseto. Kama chanjo ya pepopunda haikukamilika, aikamilishe kabla ya kuondoka.

Jambo la maji lilituchukua muda mrefu kuliko yote, maana hakutuamini. Mtu atembeaye kwa miguu juani hutoka jasho na analiona, hivyo hunywa. Mpanda pikipiki jasho lake hukaushwa na upepo kabla hajalihisi. Anaweza kukaa kitini saa nne, mwili unakauka, na anachohisi ni kichwa kuuma na hasira kidogo. Akija kuona mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai, amekwisha chelewa. Tulimwambia anywe kila anaposimama, kiu iwepo isiwepo, na asimame kila kilometa 100 hata kama barabara ni nzuri na inamvuta. Akiharisha na asipate pakiti dukani, achanganye lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa, si vya mlima.

Na usingizi. Watu walioupima uchovu wamekuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kuamua kama mtu aliyekunywa pombe. Basi yule ambaye hawezi kumpa mwanawe funguo akiwa amelewa, asimruhusu aanze safari saa kumi alfajiri baada ya kukesha akipanga mizigo. Usiku asiendeshe kabisa. Lori lililoharibika huachwa katikati ya njia na majani mawili ya mti kuwa ndiyo taa yake.

Kofia ngumu hatukuijadili, tuliitazama. Ilikuwa nzuri ila mkanda haukuwa na kifungo. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Alishonewa kifungo kesho yake.

Sasa turudi kwa baba, na kwa neno lake kwamba "anapenda tu," kama vile kupenda ni sababu ndogo. Hapo ndipo tunapotofautiana naye kabisa.

Tulimsimulia habari za Mfaransa mmoja, Anne-France Dautheville, aliyekuwa akiandika matangazo ya biashara huko Paris, akaacha kazi hiyo. Mwaka 1973 alizunguka dunia peke yake, kiasi cha kilometa 20,000, juu ya Kawasaki ya cc 125. Mzee alisikia "125" akageuka kumtazama mwanawe. Tulimsimulia pia habari za Elspeth Beard, Mwingereza aliyekuwa anasomea uchoraji wa majengo. Alidunduliza fedha kwa kufanya kazi baa, na mwaka 1982, akiwa na miaka 23, akaondoka London na BMW iliyokwisha tumika. Hatukumficha mzee mabaya yaliyompata. Alianguka Queensland nchini Australia, akalazwa wiki mbili. Huko Thailand aligonga mbwa, akauguzwa nyumbani kwa familia maskini isiyojua lugha yake. Njiani kurudi aliugua homa ya ini. (Kuna homa ya ini inayoenezwa na maji na chakula kichafu, ndiyo maana wimbo wetu wa maji ya kuchemsha hauishi.) Alirudi nyumbani mwaka 1984 amekonda sana, akamaliza masomo yake, akawa mchoraji wa majengo.

Na Ted Simon, mwandishi wa habari, alipita nchi hii yetu alipokuwa akizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500, safari iliyoanza Oktoba 1973 na kuchukua miaka minne, zaidi ya kilometa 100,000. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, akaianza tena. Safari hii alivunjika mguu hapa jirani, Kenya. Akatibiwa, akaendelea.

Mama wa binti, ambaye muda wote alikuwa kimya, aliuliza, "Na huyo mzee naye hakuwa na msiba huko alikokwenda?"

Hatudai kwamba kila kijana apewe pikipiki. Tunaowahudumia wodini tunawafahamu, na wengi ni vijana wa kiume walioazima chombo, bila leseni, bila kofia, abiria wawili nyuma, usiku. Lakini tumeona pia wodini, na majumbani, watu wazima waliokatazwa kila walichokipenda tangu utoto kwa sababu hakikuwa na faida. Hawalali vizuri. Hunywa. Huja kutuambia wanaumwa mgongo, tumbo, kichwa, na vipimo vyote ni safi. Hatusemi kila mgongo unauma kwa sababu hiyo. Tunasema tumemwona binti huyu akieleza ramani yake, Makambako, Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, kituo baada ya kituo, na uso wake ulivyokuwa. Na sisi tusingethubutu kuuzima uso huo kwa uongo kuhusu kizazi. Mzazi anayeogopa aseme, "Mwanangu, ninaogopa." Ni neno la kweli, na mtoto hulijibu kwa uangalifu kuliko anavyoujibu uongo. Akishasema, akae naye wapangane: leseni na bima ziko wapi, utalala wapi, utapiga simu saa ngapi, breki amezikagua nani.

Mzee alilisema neno hilo mwishowe, kwa sauti ndogo, tena akiangalia pikipiki badala ya kumwangalia mwanawe. Binti alijibu, "Na mimi ninaogopa, baba." Wakapatana apige simu kila jioni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na mzee akaenda mwenyewe kwa fundi kubadilisha matairi.

Aliondoka Juni, siku ya Jumatatu. Siku ya tatu mzee alitupigia simu, akihema. Kifurushi kilikuwa kimeletwa na basi kutoka Iringa, kimeandikwa jina lake kwa mkono wa binti. Tulimwambia akifungue. Tukasikia karatasi zikichanika, na mama akitaja kimoja kimoja: viatu vya wazi, sufuria, kitenge, kioo, pasi ya umeme, ile ile tuliyomkataza.

"Daktari," mzee akauliza, "kofia haimo?"

"Tazama vizuri."

Ikawa kimya kidogo. "Haimo," akasema. "Haimo kabisa. Basi."