Mtoto anataka mkono wa roboti? Muulize kwanza utabeba nini

Msimu wa miradi ya sayansi ukifika, mzazi wa mwanafunzi wa sekondari huonyeshwa picha kwenye simu: mkono mweusi wa chuma wenye viungo sita, umenyanyua chupa ya maji, na chini yake bei inayotisha. “Baba, mradi wetu unahitaji hiki.” Wapo wanaokataa papo hapo na wapo wanaokwenda kukopa. Kabla ya lolote kati ya hayo, mzazi amuulize mwanawe: huo mkono utabeba nini, na utakifikia kikiwa umbali gani?

Tuseme wanafunzi wanataka mkono wa kupanga nyanya. Nyanya ya kawaida huweza kufika gramu 100. Kama mkono una sentimita 20 kutoka begani hadi vidoleni, zidisha kilo 0.1 kwa 20, unapata 2. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha inayohitajika kwenye bega, kwa kipimo cha kilo-sentimita ambacho wauzaji hutumia kueleza nguvu za mota. Sasa mota ndogo ya bluu iitwayo SG90, ya bei nafuu na inayopatikana kirahisi, ina takriban 1.8. Haitoshi, na hapo uzito wa mkono wenyewe bado haujahesabiwa.

Njia mojawapo ni kununua mota yenye nguvu kwa ajili ya bega, kama MG996R ambayo hutoa takriban 9.4 kwa volti 4.8, na kubakiza ile ndogo vidoleni. Wengine huweka mota kubwa kila kiungo wakidhani ndiyo usalama. Kila moja ina gramu 55 hivi, na mota ya kiwiko ni mzigo wa bega. Mkono unakuwa mzito kwa kujibeba wenyewe.

Njia nyingine haina gharama: kupunguza mzigo. Mkono unaopanga visoda kwa rangi unaonyesha sayansi ileile ya mkono unaopanga nyanya, na mota za bei ya chini zinaumudu. Hili watoto hawalipendi, maana kisoda hakina mbwembwe. Mzazi asichoke kulieleza.

Hata viungo sita mara nyingi ni biashara ya muuzaji. Kuchukua kitu hapa na kukiweka pale, mota nne zinatosha: ya kugeuka, ya bega, ya kiwiko na ya vidole. Upo mkono uitwao MeArm uliobuniwa Uingereza kwa hesabu hiyohiyo, na michoro yake inapatikana bure mtandaoni. Vipande vyake hukatwa kwenye akriliki ya milimita 3, kazi ambayo fundi wa mabango mwenye mashine ya leza anaiweza. Kinachobaki kununuliwa ni skrubu, mota nne na bodi ya Arduino. Kopi ya bodi hiyo ni rahisi kuliko yenyewe halisi, na kwa mradi wa shule inafanya kazi vizuri.

Panapoharibu miradi mingi ni kwenye umeme. Mtoto anaunganisha mota zote kwenye bodi, na bodi kwenye kompyuta. Mota moja inazunguka vizuri. Zikianza nne kwa pamoja, bodi inazima na kuwaka tena, mkono unatetemeka, na mtoto anakesha akitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Mlango wa USB wa kawaida wa kompyuta umewekewa miliampia 500, na mota moja ndogo iliyokwama inaweza kuvuta zaidi ya hizo peke yake. Mota zipewe umeme wao. Kwa nne ndogo, chaja nzuri ya simu ya volti 5 na ampia 2 inasaidia sana, mradi waya hasi wa chaja uunganishwe na hasi wa bodi. Kwa zile kubwa inahitajika adapta yenye ampia nyingi zaidi, na bei yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Betri za lithiamu zilizong’olewa kwenye kompyuta mbovu zisiingie chumbani kwa mtoto. Zikiguswa waya kwa waya zinaweza kuwaka moto.

Na kama fedha hakuna kabisa? Mabomba ya sindano ya duka la dawa, bila sindano zake, mirija ya plastiki, maji na maboksi magumu hutengeneza mkono unaonyanyua kwa sheria ya Pascal, ileile ya darasa la fizikia. Hauna programu, lakini mwanafunzi anaujua kila kipande.

Hilo la kuujua lina uzito wake. Kwenye maonyesho kama ya Young Scientists Tanzania, mwanafunzi husimama mbele ya majaji na kuulizwa kuhusu kazi yake. Aliyenunuliwa mkono uliokamilika akiulizwa kwa nini alichagua mota ile, hana cha kusema. Aliyezidisha 0.1 kwa 20 anacho.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtoto aandike programu yake kwenye Tinkercad, tovuti ya bure inayoigiza Arduino na mota kwenye kioo cha kompyuta. Akishindwa pale, kifaa hakitamsaidia. Akiweza, vifaa vinunuliwe mapema, kwani mzigo ulioagizwa nje huweza kuchukua wiki kadhaa. Na kama mkono unatumia mota nne, zinunuliwe tano. Gia za plastiki za SG90 hukatika kirahisi mtu akiuzungusha mkono kwa nguvu, na nyumbani hakukosi mdogo mtu wa kuujaribu.