Uso Uliopinda Wahitaji Jicho Kabla ya Mashine

Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi wangu mmoja karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, aliamka uso umempinda. Jicho la kulia halikufumba, na chai ikamchuruzika kidevuni. Majirani walitaja upepo mbaya wa ziwani; wengine wakanong'ona uchawi. Mamake, kwa hofu, alitaka kuuza ng'ombe alipie picha ya MRI.

Je, picha hiyo ilikuwa ya lazima? Misuli ya uso huamrishwa na neva ya saba ya kichwa, ipitayo katika mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio. Ikivimba humo, hubanwa, na upande mmoja wa uso hulegea. Huko ndiko kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, tabibu Mskoti wa karne ya 19. Wengi hupona bila kupigwa picha yoyote. Watu wazima hufaidika zaidi wakianza dawa za steroidi katika saa 72 za kwanza.

Jicho la daktari ndilo hutangulia. Humwomba mgonjwa akunje paji la uso. Likikunjika huku mdomo umepinda, kiharusi hushukiwa, na picha ya ubongo yatakiwa upesi. Kisha huangalia sikio na kupapasa taya, kwani ukanda huu wa ziwa, wenye malaria nyingi, una saratani ya watoto aliyoieleza Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958. Aghalabu huanzia tayani, na huweza kuzidhuru neva za uso.

Sikio la kijana wetu lilijaa usaha, na maradhi yalikuwa yameanza kuula mfupa. Picha iliyomfaa ilikuwa ya CT, ionyeshayo mfupa. MRI hufaa zaidi kuonyesha neva yenyewe na uvimbe unaoisonga.

Nakiri kosa langu. Sikio hilo lilitoa usaha muhula mzima, nami nilimhamishia dawati la nyuma kwa sababu ya harufu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapana budi serikali nayo ijifunze. Mwaka 2015 ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, vikiwemo vya kupiga picha, kwa kaunti zote 47. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilibaini kwamba baadhi ya vifaa hivyo vilikaa bure. Mashine bila mtaalamu wa kuisoma picha ni sanduku la bei ghali. Wanaohitaji picha kwa kweli waipate bila kuuza mifugo, na zahanati za ufuoni zipate kwanza watu wenye ujuzi wa kutazama.

Nanyi walimu wenzangu, mtoto anayetokwa na usaha sikioni msimsogeze nyuma. Mpelekeni kwa daktari uso wake ukiwa ungali umenyooka.