Datsun Iliyobeba Safari Rally Iko Japani. Sisi Tumebaki na Stori Tu?

Kila mwaka WRC ikitua Naivasha, wasee hujaa huko kwa mahema, nyama choma na mapicha za IG. Lakini muulize mzee yeyote aliyekula vumbi ya Safari ya miaka ya 70 ni gari gani ilikuwa noma. Kuna uwezekano mkubwa atakujibu neno moja: Datsun.

Na mzee hapigi domo. Mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari ndani ya Datsun 240Z, nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11. Nafasi ya pili ilienda kwa Shekhar Mehta, jamaa aliyezaliwa Uganda, naye pia akiwa kwa Z. Miaka miwili baadaye Mehta akarudi na Lofty Drews, wakabeba. Hiyo ya 1973 ilikuwa moto: Mehta alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwa Datsun nyingine. Ikabidi iangaliwe nani alienda mbali zaidi bila adhabu. Mehta akapita hapo, na kufikia 1982 alikuwa ameshinda Safari mara tano.

Ndai yenyewe

Tuelewane kwanza: 240Z ya kawaida si gari adimu. Ilizinduliwa 1969, ina silinda sita na injini ya lita 2.4, na kiwanda kilitoa zaidi ya laki moja na nusu. Adimu ni zile za timu ya kiwanda, zilizoundwa kwa kazi moja tu: kutoboa matope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa barabara ambazo hazikufungwa. Ungepinda kona usiku ukutane na lori ama ng'ombe.

Kwa Nissan hii haikuwa raha ya wikendi. Ilikuwa biashara. Gari ikimaliza Safari, mnunuzi alikuwa ashapata jibu lake kuhusu uimara. Wajapani walikuwa wameshikwa na hii rali hadi 1969 wakaifanyia filamu, staa akiwa Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji wakubwa wa nchi yao.

Kuifufua si kupuliza rangi

Gari iliyoshinda 1971 ilirudishwa Japani. Mwaka wa 2013 wafanyakazi wa Nissan wenyewe, kupitia klabu yao ya kufufua magari ya zamani, wakaifungua na kuitengeneza hadi ikatembea tena. Makao yake ni Zama, kwa mkusanyiko wa magari ya historia ya kampuni.

Kazi kama hiyo si mchezo. Z haina chesisi ya pekee kama pickup. Bodi ndiyo inabeba kila kitu. Adui yake mkubwa ni kutu, na hupenda kuanzia chini: sakafu, vizingiti vya milango na pale betri inakaa. Fundi akiziba mashimo na fila kisha apulize rangi, hiyo ni makeup. Ndani gari inaendelea kuoza. Kazi safi ni kukata chuma kibovu, kuchomelea kipya, na kubakisha kila kitu cha kale kinachoweza kuokolewa.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Januari 2020, Z moja ya 1971 iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni huko Marekani kwa dola 310,000, kama milioni 31 za Kenya wakati huo. Haikuwa hata imefanyiwa ukarabati mkubwa. Ilikuwa imetunzwa tu vile ilitoka kiwandani.

Na sisi je?

Hapa ndio inauma. Sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane. Kwa hivyo, dinga za zama za Herrmann na Mehta zilizobaki nchini ni zile zilizokuwa hapa tayari. Moja ikiuzwa kama vyuma kuukuu, ni ngumu sana kuileta nyingine.

Kuna mtu atasema, "Unga iko juu, na wewe unaniletea stori za Datsun?" Fair. Lakini Safari Classic, iliyoanza 2003, huleta wageni na magari ya zamani hapa kwetu, na magari hayo yanahitaji mafundi. Concours pale Ngong Racecourse pia inaonyesha kuna watu wako tayari kulipia kazi safi. Ujuzi wa kuseti kabureta kwa sikio bado uko Grogan, lakini walio nao wanazeeka, na kijana wa leo anafunzwa kusoma kompyuta ya gari. Pesa za umma zimeingia WRC. Kipande kidogo tu kikienda kwa vijana kujifunza kutoka kwa hao wazee, hiyo ni kazi, si nostalgia.

Kwa sasa, kama kwa guka kuna ndai ya kale imelala chini ya turubai, usikimbilie kuiuza kwa kilo. Tafuta logbook. Piga picha namba ya bodi na ya injini. Kisha keti na guka umuulize ni nani aliiendesha, na ilifika wapi. Hayo majibu hayapatikani Zama.