Nambari iliyosingiziwa utasa

JUMAPILI iliyopita mpwa wangu alifunga daftari lake la hisabati kwa kishindo. "Mjomba, kichwa changu hakishiki hesabu. Hata mwalimu amesema," akalalama.

Sikumkemea. Nilimsimulia kisa cha nambari 147,573,952,589,676,412,927.

Usiogope, msomaji. Nambari hii yenye tarakimu 21 hupatikana hivi: andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1.

Mnamo mwaka wa 1644, Marin Mersenne, mtawa na msomi wa Ufaransa, alitoa orodha ya nambari za aina hii alizodai ni tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hii ilikuwa miongoni mwazo. Mersenne alikuwa mtu mwenye jina, na neno lake likasimama kwa zaidi ya karne mbili.

Mwaka wa 1876 Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, alithibitisha kwamba nambari hiyo si tasa. Hata hivyo, hakuonyesha inagawika kwa zipi. Ni sawa na kuambiwa mama fulani ana watoto, ilhali hakuna aliyewahi kuwaona.

Ndipo Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Profesa Frank Nelson Cole akaenda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alishika chaki, akazidisha zile 2 zote 67, akatoa 1. Akasogea upande wa pili wa ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawasawa! Akarudi kuketi, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kuzidisha ni kazi ya dakika chache. Kutafuta zilizozidishwa ndiyo shughuli. Tofauti hiyo hiyo, kwa nambari za mamia ya tarakimu, husaidia kulinda siri za benki na mitandao siku hizi.

Jaribuni nyumbani leo. Chukueni 2 kumi na moja, mzizidishe, mtoe 1. Mtapata 2,047. Je, ni tasa?

"Ni tasa," mpwa wangu akajibu upesi.

"Usiniambie. Nionyeshe."

Akaanza kugawanya: kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13. Chai ikapoa. Akafuta, akaandika tena. Mara akaruka kitini: "Mjomba, si tasa! Ni 23 mara 89!"

"Vyema," nikamwambia. "Sasa yule aliyesema kichwa chako hakishiki hesabu, yeye alikuonyesha hesabu yake?"

Alinyamaza kidogo, akatabasamu, kisha akalifungua tena daftari lake.