Pakiti Hii Ina Uhai



Mzee mmoja jirani yangu hapa Juja alikuja ofisini na mche wa soya uliokuwa umegeuka manjano, akauweka juu ya meza yangu, udongo na yote. "Karani," akasema, "ulinishauri kununua vile vijidudu vya kupaka mbegu. Nimenunua, nimepaka, na shamba ndilo hili. Pesa zangu zimekwenda bure."

Nikatazama mizizi. Haikuwa na kinundu hata kimoja. Nikamwuliza, "Mzee, ile pakiti uliiweka wapi kabla ya kupanda?" Akanijibu ya kuwa aliiweka jikoni, juu ya dari pale moshi upitapo, ili panya wasiitoboe. Ilikaa huko majuma matatu.

Sikuweza kumcheka. Mwaka uliotangulia mimi mwenyewe nilifunga pakiti kama ile nyuma ya baiskeli, nikaja nayo juani tangu Thika hata nyumbani, tena tarehe yake ilikuwa imekwisha pita na wala sikuitazama. Nilivuna maharagwe kama ya kila mwaka. Nikanyamaza kwa aibu.

Maoni yangu ni haya: sisi tutoao mashauri, pamoja na wenye maduka, tumewapa watu kitu chenye uhai bila kuwaambia kwamba kina uhai. Mkulima huona unga mweusi ndani ya pakiti, hudhani ni namna ya mbolea ya chumvichumvi, akaiweka popote. Lakini katika unga ule mna bakteria wasiohesabika. Wakipata joto kali hufa, na unga hubaki rangi ile ile, hata huwezi kujua.

Kazi yao ni hii. Huingia katika mizizi ya soya, kunde, maharagwe na jamii yake, wakajenga vinundu. Humo huchukua naitrojeni ya hewa na kuifanya chakula cha mmea, na mmea nao huwalipa kwa sukari. Katika Kenya kazi ya kuwakuza si ngeni, maana kituo cha MIRCEN katika Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzishwa tangu mwaka 1977. Kwa hiyo mtu asiseme haya ni majaribio ya jana.

Hata baharini wataalamu wameanza kutumia bakteria kwa njia iliyo karibu na hii. Matumbawe si mawe matupu kama tudhanivyo sisi watu wa bara. Ni wanyama wadogo wajijengeao nyumba ya chokaa, na katika miili yao hukaa vimea vidogo sana viwapavyo chakula. Bahari ikipata joto kupita kiasi, vimea vile hutoka, tumbawe huwa jeupe, na hali ikiendelea hufa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Basi wataalamu wa Brazil, wakiongozwa na Raquel Peixoto, walichukua bakteria wema kutoka kwa matumbawe yenyewe, wakawakuza, wakawarudisha kwa matumbawe yaliyowekwa katika matangi ya maji ya joto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba matumbawe yaliyosaidiwa hivyo yalisalimika zaidi kwa asilimia 40. Baadaye jaribio lilifanywa katika Bahari ya Shamu yenyewe, upande wa Saudi Arabia, na huko bakteria walipelekwa mara tatu kila juma, si mara moja na kuachwa.

Lililonivutia ni uangalifu wao. Walijua wanabeba viumbe hai. Tena hawakusema kwamba bakteria watapoza bahari. Vivyo hivyo nasi tusiseme kwamba pakiti itaponya udongo uliochoka. Udongo wenye uchachu mwingi huwazuia vijidudu, nao hutaka chokaa kwanza. Udongo usio na fosfati hauwezi kutoa vinundu vyema. Na ukimwaga yurea nyingi juu ya maharagwe, mmea hushiba naitrojeni ya bure na kuacha kujisumbua na vinundu.

Jambo jingine lisemwe wazi, ingawa wauzaji hawatalipenda. Soya huonyesha faida ya pakiti kuliko maharagwe, kwa sababu mashamba yetu mengi yana vijidudu vya kienyeji vya maharagwe tangu zamani, navyo huwashinda wageni. Kwa hiyo mwenye maharagwe ajaribu mistari michache kwanza, asitumie pesa za karo. Tena kila zao lina vijidudu vyake. Pakiti ya soya haifai maharagwe.

Ukiinunua, soma tarehe palepale dukani. Ikiwa imewekwa dirishani juani, iache. Nyumbani iweke penye giza na baridi, karibu na mtungi wa maji kwa mfano. Siku ya kupanda, ardhi iwe na unyevu. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari au ya gundi, changanya unga kivulini, panda siku ile ile na kufukia mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu yaweza kuwaua, basi ulizia kabla. Mbolea isigusane na mbegu.

Mimi ningependa kila mwenye duka asiyeweza kuitunza pakiti hii akatazwe kuiuza, na sisi wa mashauri tusiitaje barazani bila kung'oa mche mbele ya watu. Kinundu kikipasuliwa kwa ukucha kikawa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi.

Yule mzee amekubali kujaribu tena mvua za vuli. Tumepima mistari minne karibu na lango lake, miwili yenye vijidudu na miwili isiyo navyo, na pakiti safari hii inakaa kwangu, kando ya mtungi. Soya itakapotoa maua tutang'oa miche michache ya kila upande. Atakayependa kutazama na aje siku hiyo, aje na jembe lake.