Mshumaa Unataka Mikono Miwili

Ndugu zangu wa Machame, wa nyumbani na wa usharikani,

Nilitoka zamu ya usiku nikaikuta sauti ya mdogo wetu kwenye kundi la ukoo. Nimeisikiliza mara tatu. Anasema sala ni za kujifariji tu, wakubwa wote ni walewale, na mwenye akili hatumaini kitu asije akaumia. Simgombezi. Miaka yangu ya mwanzo huku Ujerumani nami niliyasema hayohayo, tena kwa moyo wote.

Mdogo wangu, naishi Leipzig. Wamisionari waliofika kwetu Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu. Leo wenyeji wengi hawana dini, na Jumapili viti vitupu havihesabiki. Anayetafuta sababu ya kukata tamaa hahitaji kwenda mbali.

Lakini katikati ya mji kuna kanisa la Mtakatifu Nikolai. Nguzo zake zimechanua juu kama mitende. Ukikaa ibadani unadhani ni Jumapili ya Mitende. Tangu 1982, enzi za Ujerumani Mashariki, watu walikutana humo kila Jumatatu saa 11 jioni kuombea amani. Kuna Jumatatu walikuwa wachache mno, na wapelelezi wakiwa wamekaa katikati yao. Miaka saba! Aliyewacheka wakati ule alionekana ndiye mwenye akili.

Tarehe 9 Oktoba 1989 mji ulijaa askari wenye silaha. Watu walinong'onezana kwamba hospitali zimeandaa damu. Chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake kuwahi viti kanisani, na Mchungaji Christian Führer hakuwafukuza. Wakasikia Injili pamoja na wengine. Kisha watu wapatao 70,000 wakaandamana, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka.

Utaniambia uchumi ulikuwa umechoka, na Moscow kulikuwa na Gorbachev. Kweli kabisa. Ila waliotoka mlangoni jioni ile hawakujua mwisho wake. Wengine waliwaaga watoto wao. Imani yao haikuwaahidi kwamba hawatapigwa. Bwana wanayemwamini alikufa kwanza, ndipo akafufuka. Walitoka hivyohivyo.

Führer alikuwa akieleza kwamba mshumaa nje unataka mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kukinga upepo, kwa hiyo hubaki na mkono wa kurushia jiwe. Kila 9 Oktoba mji huwasha mishumaa kukumbuka, na mwaka jana nilikwenda. Nta ya moto ikanidondokea kidoleni, nusura niuangushe mshumaa wangu. Bibi mmoja mzee kando yangu akaleta kiganja chake, akaukinga moto wangu bila kusema neno mpaka nikabadilisha mkono. Sikumuuliza kama usiku ule wa 1989 alikuwepo.

Maombi ya Jumatatu yapo hadi leo, saa ileile. Mdogo wangu, nitumie jambo moja tu, lile linalokuchosha kuliko yote, kabla ya Jumapili. Nitalipeleka. Nanyi wa usharika, msimwache akae peke yake saa hiyo; huku ni majira ya baridi, kwa hiyo kwenu itakuwa saa 1 usiku.

Ndugu yenu,
Leipzig