Tuache Kumcheka Mwepu



Naomba nafasi ndogo katika gazeti letu niseme neno juu ya mpira uliosimama. Najua wengine watasema: kapita anataka nini tena? Mnivumilie.

Jumamosi iliyopita darasa la tano na la sita walicheza katika uwanja wetu wa mawe ya volkano. Sisi wa sita tulipata mpira wa adhabu. Mpira ukawekwa chini, wa tano wakajenga ukuta. Mara kijana mmoja akatoka katika ukuta, akaupiga mbali kabisa. Uwanja mzima ukacheka: "Mwepu! Mwepu!" Na mimi nikacheka, kisha nikaandika jina lake katika daftari ya nidhamu.

Hebu tujue tunamcheka nani. Mwepu Ilunga alikuwa beki wa Leopards ya Zaïre, timu iliyochukua Kombe la Afrika kule Misri mwaka 1974. Mwaka ule ule ilikuwa timu ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, kule Ujerumani ya Magharibi. Scotland walitufunga 2-0, Yugoslavia 9-0. Tarehe 22 Juni, mjini Gelsenkirchen, Brazil walikuwa wanaongoza 3-0 na dakika zilibaki chache. Wakapata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu akakimbia, akaupiga yeye. Mwamuzi akampa kadi ya manjano. Dunia ikacheka, ikasema: hawa Waafrika hawajui sheria.

Lakini bingwa wa Afrika angekosaje kujua sheria ile? Baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba aliijua vizuri, alifanya kwa makusudi. Wachezaji walikuwa hawajalipwa pesa zao. Tena alisimulia kwamba, baada ya yale mabao tisa, watu wa Mobutu waliwatisha: mkifungwa manne na Brazil, msirudi nyumbani. Sasa fikiri. Matatu yameingia, na mpira umesimama mbele ya Wabrazil. Wewe ungefanya nini? Mwepu alikufa mwaka 2015, na kicheko chetu hakijaisha.

Sisemi alifanya vema. Mpira uliosimama ni haki ya yule aliyekosewa. Sheria inataka wapinzani wakae mita 9.15 mpaka upigwe. Hata mdogo akiwekewa mpira chini, mkubwa lazima arudi nyuma. Tukiondoa hiyo, hakuna mchezo tena, ni fujo tu. Kwa hiyo kadi ilikuwa ya haki. Kicheko ndicho hakikuwa cha haki.

Nirudi kwetu. Jioni nikamwita yule kijana, nikamwuliza ju ya nini alifanya vile. Akajibu: "Yaya, mi najua sheria. Golikipa yetu alikuwa anatoka damu ku goti, arbitri hakumuona. Nilitaka tu apate dakika moja ya kujifunga." Nikaenda kwa golikipa, nikakuta goti limefungwa kitambaa. Nikaona haya. Mimi kapita niliandika kwanza, nikauliza nyuma.

Jina lake sikulifuta, maana kosa ni kosa. Lakini kando yake niliandika sababu, na siku alipofagia darasa nilishika ufagio pamoja naye.

Basi naomba mambo mawili. Kwa wachezaji: mwenzenu akiumia, nahodha ainue mkono amwambie mwamuzi, msiguse mpira wa wengine. Kwa sisi makapita, na walimu wetu wakikubali: tusiandike jina la mtu kabla ya kumwuliza. Neno moja tu, "kwa nini?", halichukui hata dakika.

Na Jumamosi ijayo, mtu akikosea, asiitwe Mwepu kwa kicheko.

Ndimi kapita wenu, darasa la sita.